Matundu Matano kwenye Shabaha ya Lorna

Marlys, acha unachofanya. Shemeji Verlin kajiaibisha leo kwenye mashindano ya bunduki.

Unajua anavyojaza risasi zake mwenyewe. Baruti anaipima chembe kwa chembe, feni imezimwa, dada haruhusiwi hata kupiga chafya.

Kombe lilikuwa lake kabisa. Kapiga tano, na matundu yote matano yangefunikwa na kifungo cha shati. Kifungo, Marlys.

Kwenye shabaha ya Lorna, aliyekuwa akilenga pembeni yake. Yake mwenyewe haina hata mkwaruzo. Kapewa sifuri.

Eti, "Ni upepo."

Nikamuuliza, "Upepo ndio umezibeba zote, shemeji, ukazipanga vizuri hivyo kwa Lorna?" Watu hoi.

Dada anasema nimemfedhehesha mumewe mbele ya nusu ya Montana, nikamwombe radhi. Simwombi.