Vedasto, Safari Hii Kwaya Itakaa Kimya

Mwaka umetimia, mdogo wangu Vedasto, tangu moyo wako usimame hospitalini hapa Guangzhou, China, na asubuhi ile ile ulikuwa umeniambia ni gesi. Gesi! Mtu kashika kifua, jasho linamtiririka, anasema gesi, anaomba tangawizi. Nimekukasirikia kwa hilo mwaka mzima na leo sijaacha.

Watu wananiambia tangazo la kumbukumbu huandikwa kwa upole. Mkeo Jovitha amenipigia kutoka Bukoba kunisihi: "Wifi, andika taratibu, litasomwa parokiani." Nimejaribu, nimeshindwa. Kwa hiyo wasomaji watusamehe. Wale ambao hawatatusamehe, hao hasa ndio ninaotaka wasome.

Ulikuwa mpole, Vedasto, mpole wa kuudhi. Ulikuja huku kusomea muziki kwa ufadhili, baada ya miaka ya kufundisha kwaya nyumbani, na chumba changu cha mtaa wa Xiaobei ukakigeuza darasa. Mtoto wa mwenye nyumba ulimfundisha piano bure, ukalipwa machungwa, ukaja kunionyesha machungwa kwa furaha kama umeshinda bahati nasibu.

Siku usizokuwa na darasa ulinifuata soko la nguo la Shisanhang kunisaidia kubeba magauni ya biashara. Kubeba ulijua. Mengine, hapana! Mimi nabishana na laoban, mwenye duka, nimenuna, nimeshageuka kuondoka ili aniite, wewe unasimama katikati unatabasamu: "Dada, msikilize huyu mama anavyokataa. Sauti yake inateremka kama mtu anashuka ngazi." Sasa mteja anayetabasamu nani atampunguzia bei? Nikawa nakutoa nje ukalinde mkokoteni. Huko nje nako nilikukuta umefunga macho, unasikiliza watu wanavyoitana.

Na yule bibi yako wa Kimarekani. Jina lake sitaliandika hapa, nitalikosea halafu ugeuke huko uliko. Picha yake uliibandika juu ya jiko la umeme, kofia kubwa, uso umekunjwa, wageni wakawa wananiuliza kama ni mama mkwe. Nikawajibu ndiyo, na ana roho mbaya, kwa hiyo ogeni kabla hamjala.

Bibi huyo alitunga nyimbo zaidi ya mia huko Amerika, zamani za mababu zetu, mwanzoni mwa karne ile iliyopita. Baba yake alikuwa fundi saa. Yeye alifundisha piano watoto wa matajiri mchana, na jioni akakaa na mashairi. Shairi moja, sauti moja, piano moja. Hakuna kwaya, hakuna ngoma. Ulinieleza mpaka nikaelewa: piano haimsindikizi mwimbaji kama mpambe wa bibi harusi, inamsikiliza. Mchapishaji akamwambia jina la mwanamke haliuzi, akaandikwa herufi za mwanzo tu za jina lake, watu wakadhani ni mwanamume. Akavumilia.

Halafu dada yake akafariki, akamtungia wimbo. Ukapendwa. Bendi zikauchukua, zikauongezea matarumbeta, ukawa wimbo wa kugonga glasi kwenye karamu. Siku moja bibi kaalikwa chakula hotelini, anasikia wimbo wa msiba wa dada yake unapigwa, watu wanapiga meza. Akaenda kwa mpiga piano, akamuuliza, huu wimbo wa nani? Kijana akamjibu: "Wa watu wote, mama." Bibi akachukua kofia yake akaondoka, na tangu hapo hakutunga tena.

Kila ukifika hapo ulikuwa unapaza sauti, wewe ambaye hata kondakta akikupitisha kituo ulimwambia asante. "Dada, walimla akiwa hai!" Mimi nakunja magauni, nakuambia tulia, bibi wa watu kashakufa. Sasa ndiyo najua ulikuwa unalilia nini.

Maana na wewe ulitunga. Nyimbo za Kiswahili, za sauti moja na piano, na ulisema hutaziita zimekamilika mpaka ziimbwe mbele ya watu waliokaa wakasikiliza. Ule wa Mama ndio ulikutesa zaidi. Mwana karudi kwao usiku, yuko mlangoni:

*Nimefika, usiwashe taa,*
*mguu wangu waujua mlango.*
*Usiinuke, mama, kaa.*
*Ni mimi.*

Pale kwenye "ni mimi" piano inanyamaza. Sauti inabaki peke yake. Ulimwambia Lin, yule msichana wa Kichina uliyesoma naye, asiguse hata kibao kimoja hapo, hata mwimbaji akitetemeka. "Akitetemeka ndiyo vizuri," ulisema. "Mtu akirudi kwao hutetemeka."

Mwimbaji wako ulimpata kwenye gari la kukodi, tunaenda Shiling kununua mikoba. Swalha wa Unguja, kakaa kiti cha nyuma na baibui lake, anajiimbia kasida taratibu ili asitapike barabarani. Ukaacha kuongea. Wewe! Tulipofika kila mtu akakimbilia mikoba, wewe ukabaki unambembeleza mwanamke wa watu akuimbie noti. Akakuambia: "Mie mfanyabiashara kaka'ngu, noti nnazozijua za benki." Lakini akaja. Jumamosi kwa Jumamosi alikuja, na Lin naye, na mimi nikawapikia ndizi, na ule wimbo ukatengenezwa kwa kipimo cha koo lake kama gauni.

Halafu ukasema gesi.

Sasa sikiliza walichokufanyia, maana siku ile ulikuwa umelala.

Mwili wako ulikuwa unangoja ndege. Tukakodi ukumbi wa juu ya mgahawa tukuage. Lin alikuwepo, Swalha alikuwepo, wameshajifua, macho mekundu. Akaja Rodrick, mwenyekiti wa kwaya yetu ya Watanzania. Namtaja kwa jina kwa sababu nilimwahidi usoni kwamba nitamtaja. Akanivuta pembeni: "Dada Melania, mtu haimbiwi na mtu mmoja kama hana kwao. Watu tupo!"

Na mimi najua alichomaanisha, msidhani sijui. Kwetu marehemu husindikizwa na wingi. Watu wakijaa wakaimba, ndivyo alivyopendwa. Akisimama mmoja peke yake, wageni wanaanza kuulizana wengine waligombana naye nini. Rodrick alitaka kukuheshimu. Ndiyo maana sijampiga.

Lakini jamani! Wakampokonya Lin karatasi za nota. Wakaja na kinanda chenye midundo, na sare za zambarau walizonunua kwa haraka hapo Shisanhang, lebo zinaning'inia mgongoni. Wakagawana sauti nne. Na kwa kuwa wao ni wengi, ile "ni mimi" wakaigeuza "ni sisi." Ni sisi, ni sisi, tumefika! Na makofi. Na kigelegele. Swalha wakamwambia kama anataka ajiunge na sauti ya kwanza, asimame nyuma, baibui lisiharibu rangi ya sare kwenye video. Akaniambia, "Haidhuru dada'ngu, marehemu ni wenu," akashuka ngazi, na Lin nyuma yake.

Haidhuru? Imedhuru!

Video ikasambaa. Wiki haijaisha nimetumiwa kutoka Mwanza, wimbo wako unaimbwa harusini, upande wa bwana harusi wanaingia ukumbini: ni sisi, ni sisi, tumefika. Mtu na miwani ya jua anakata mauno juu ya wimbo wa mama yako. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Hawa wamechukua kifo cha mmoja wakakifanya harusi. Msimu wa maonyesho ya biashara nipo Pazhou, nimekaa na mteja kutoka Nairobi, simu yake inaita: ni sisi, ni sisi. Nikamwomba azime. Akaniambia, "Aki sister, si hii ni ngoma ya zamani ya Tanzania?" Ya zamani! Hata mchanga wa kaburi lako haujashuka. Jina lako haliko popote, si kwenye video, si kwenye midomo. Bibi yako angalau walimwachia herufi.

Mwezi uliopita akaja tena Rodrick, na tabasamu. Kumbukumbu ya mwaka inakaribia, kwaya imejipanga, sare mpya, ule ule wimbo. Nikamwambia safari hii ataimba Swalha, peke yake, kama ulivyoandika. Na ni safari hii au basi, kwa sababu Swalha anafunga biashara, Jumatatu baada ya kumbukumbu anapanda ndege kurudi Unguja kwa mumewe, na huku harudi. Akiondoka hakuna tena mwenye wimbo ule mdomoni. Zitabaki sare.

Akanijibu kwa upole, huyo Rodrick, kama mtu anayemtuliza mgonjwa: "Dada, ule wimbo umeshakuwa wa watu wote."

Vedasto, nilinyanyua ufagio. Kwa maneno yale yale! Huyu hajawahi hata kumsikia bibi yako.

Akatoka mbio, lakini mjanja hakosi mlango. Akampigia Mama. Mama kutwa kucha Bukoba anajivunia ile video, anaonyesha majirani mwanawe alivyoimbiwa na Watanzania wa China. Akanipigia akilia: "Melania, mwanangu aimbiwe na mtu mmoja, ana nini, ukoma? Achana na ukaidi. Waache watu waimbe." Na neno la Mama ni neno la Mama. Familia ikisema kwaya, ni kwaya. Nilikaa dukani juu ya marobota nikalia kwa hasira, mchana kweupe, wateja wananipita.

Swalha akanikuta hapo, kaja kuniaga. Nikamwambia yote. Akavua viatu, akakaa kwenye robota. "Mpigie mama," akasema. "Sisemi nae kitu. Mpigie tu."

Nikampigia, nikaweka simu katikati yetu. Mama kaanza kunigombeza kabla hata ya salamu. Swalha akaanza. Bila piano, bila chochote, mikokoteni inapita nje, watu wanatangaza bei. *Nimefika, usiwashe taa.* Mama akakatika katikati ya neno. Sikusikia pumzi wala kiti. Swalha akafika mwisho, akatetemeka kama ulivyotaka, akaimba "ni mimi," akaacha.

Mama akasema, sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake: "Waitu, mbona huyu ni Vedasto."

"Ndiye, Mama."

"Mwaka mzima wananiimbia ni sisi, ni sisi. Nikawa nauliza moyoni, nyie nani? Mwanangu yuko wapi?" Akapenga kamasi. Halafu akarudi kuwa Mama: "Waambie hao wanyamaze."

Basi nawaambia.

Jumapili baada ya misa, ukumbi ule ule wa juu ya mgahawa. Sare zibaki nyumbani. Kinanda cha midundo kibaki kwa Rodrick. Kabla ya wimbo, jina la mtunzi litatajwa kwa ukamilifu, Vedasto Rwegasira, na nitalitaja mimi, kwa hiyo litasikika. Lin atakaa kwenye piano. Swalha atasimama mbele na baibui lake, na mwenye tatizo na baibui abaki kwake. Piano ikinyamaza pale mwisho, asijitokeze msamaria wa kumsaidia. Asipige mtu makofi, asipige kigelegele, asiseme amina. Mwenye kikohozi akae karibu na mlango. Chakula kipo, ndizi na nyama, mtaongea mkishashiba.

Jana Rodrick kanipigia, kanywea. "Sasa dada, sisi kwaya tutafanya nini pale?"

"Mtakaa."

"Tukae tu?"

"Mkae tu. Lakini mje wote. Nataka ukumbi ujae mpaka ngazini."

Akasema watakuja. Nimemwekea kiti cha mbele, na hasira zangu naye zitaisha siku zikipenda zenyewe.

Hutatutoka moyoni, Vedasto, sisi tuliokupenda: mama yako Paskazia, atakayekuwa anasikiliza kwa simu kutoka Bukoba, mkeo Jovitha, binti yako Loyce, ambaye naye ameanza kuimba akiosha vyombo, baba mdogo Medard na ukoo wote, na mimi dada yako Melania, niliyechemsha tangawizi.

Na ule mwisho wa wimbo ukishaimbwa, nawe ukasikia ukumbi mzima umejaa watu na hakuna anayethubutu hata kuhema, usidhani umekosa wa kwenu. Kimya hicho, mdogo wangu, ndio sisi.