Joho la Shemeji Sokoni Ngaramtoni

Dada Zuhura, shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Mlima Meru, ambako hata tarumbeta langu linatoa mvuke asubuhi.

Hoteli za mjini siku hizi zinataka disko la kaseti tu, kwa hiyo jana bendi yetu ya soul ilipiga mchana, sokoni Ngaramtoni. Tukafika pale kwenye wimbo ambapo mumeo huanguka magotini kama aliyezidiwa na mapenzi, nami namfunika lile joho jekundu ulilomshonea, halafu analitupa na kuimba upya. Kwetu Tanga ni vigelegele. Huku watu walishika vichwa kwa huruma.

Kabla sijamfikia, bibi mmoja muuza loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, akapanda jukwaani, akamfunika blanketi lake mwenyewe na kutugombeza: "Mnamwimbisha mgonjwa? Nyie hamna mama?" Akamkalisha, akamlisha bakuli zima kwa kijiko. Shemeji hakuthubutu kukataa! Alimalizia wimbo amekaa, masharubu meupe kwa maziwa, bibi akimlinda asisimame, na soko zima likacheza.

Unajua aliapa kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, kisha anaacha kuimba. Leo tangu alfajiri anapasha sauti. Anasema ameanguka jukwaani miaka kumi na minne, na jana ndiyo mara ya kwanza mtu kumwamini.

Joho lako halijapata hata vumbi. Tubusie watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Saidi