Tarehe Tatu za Damu ya Siku Moja

Kijiji cha Lundo,
S.L.P. 9, Liuli,
Wilaya ya Mbinga.
21 Novemba 1999

Mpendwa Dada Ottilia,

Shikamoo dada, ni mimi Erasmo. Shemeji naye mfikishie shikamoo yangu, na watoto nawasalimu wote. Natumaini kifua cha Eliza kimetulia na baridi ya Arusha haiwasumbui sana. Sisi huku ni wazima. Mguu wa Baba umepona, ameanza kwenda tena shamba la mihogo. Mvua za kwanza zimenyesha, ziwa limechafuka, na dagaa wetu wa usipa hata wa kuonja hatuwapati.

Dada, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Siku si nyingi utapata barua nyingine kutoka ofisi ya mradi wa malaria, kwa sababu wewe ndiye uliyenidhamini nikapata kazi. Nataka habari hizi uzipate kwangu kabla hazijakufikia kwao.

Kazi yenyewe unaifahamu. Kila baada ya wiki mbili nilitakiwa kuzungukia nyumba tano kwa baiskeli ya mradi, nimtoboe mtoto kidole, nichukue damu kidogo kwenye kichupa, niandike tarehe, nikaiweke kwenye friji la mafuta ya taa pale zahanati mpaka gari lije. Nikimkuta mtoto ana homa, nimpe vidonge. Ikizidi, nimfikishe hospitali ya misheni.

Mkubwa wetu, Dokta Loveth, mwenyeji wa Moshi, alitueleza sababu ya kurudia rudia hivyo. Kimelea cha malaria kikishaingia kwenye chembe ya damu, huivisha chembe hiyo vazi kwa nje. Mwili wa mtu hujifunza vazi hilo na kutengeneza kinga ya kulipiga. Lakini kimelea kina vinasaba vya mavazi hamsini au zaidi, na huvaa moja tu kwa wakati. Mwili ukishalijua hili, vimelea vingine vinakuwa vimekwisha kuvaa lile, na kinga inaanza upya. Tena hukata kipande cha kinasaba hiki na kukiunga na kile, likatoka vazi ambalo halijaonekana kabisa. Ndiyo maana sisi wa ziwani tulioumwa na mbu tangu utotoni tunahimili, lakini mtoto mdogo bado hajayajua mavazi mengi. Mradi ulitaka kuona mabadiliko hayo wiki baada ya wiki, ndani ya mtoto yuleyule.

Nililielewa somo hilo vizuri, dada. Siwezi kusema sikujua.

Mwezi wa saba wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, na mmoja wao akataka mtu wa kumkusanyia huko Mkumbi. Nikaona nifanye vyote viwili. Siku moja nilizunguka nyumba zote tano, na kila mtoto nikamtoa vichupa vitatu badala ya kimoja. Nikaviandika tarehe tatu tofauti, nikavipanga kwenye friji, nikapanda lori. Daftari nalo nikalijaza: hana homa, hana homa.

Gari lilipokuja nilikuwa nimesharudi, na kwa kuwa awamu ile ya damu ilikuwa imekwisha, sikupita tena majumbani. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi uliopita Dokta Loveth alikuja mwenyewe, ana furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Maabara ilikuwa imekuta jambo geni: katika nyumba tano za Lundo, kimelea hakikubadili vazi hata kidogo kwa mwezi mzima. Alidhani labda watoto hawa wana kitu mwilini kinachokizuia, na kwamba kikijulikana, huenda siku moja ikapatikana chanjo. Alinishika mkono akanishukuru kwa uangalifu wangu.

Tulianzia kwa Emiliana, yule mliyesoma naye darasa moja. Dokta hajui Kinyasa, na Emiliana Kiswahili chake unakijua, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani. Emiliana alizungumza kwa utaratibu. Alisema tangu siku ile ya vichupa vitatu hawakuniona. Binti yake Hildegardi alishikwa na homa, na kwa kuwa niliahidi kuja na vidonge, walinisubiri siku mbili. Siku ya tatu mtoto alianza degedege, wakambeba kwa miguu mpaka hospitali. Alipona, ila tangu hapo ukimwita kwa nyuma hageuki.

Dokta akaniuliza, “Mama anasema nini?”

Nikamjibu kwamba mama anashukuru mradi.

Dokta akatabasamu, akampa Emiliana mkono. Emiliana naye akatabasamu, akidhani amesikilizwa.

Nilikwenda na Dokta nyumba nne zilizobaki, sijui nilisema nini huko. Tulipopanda gari kuelekea Liuli alianza kunieleza kwamba mwakani wataalamu watakuja kukaa hapa Lundo kwa ajili ya watoto hawa. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, vichupa, kahawa, daftari.

Dokta alinigeukia. Kisha akauliza, “Na yule mama alisema nini hasa?”

Nilipomweleza alimwambia dereva ageuze gari.

Dada, alinisimamisha palepale uani kwa Emiliana, majirani wakiwa wamejaa, akanitaka nitafsiri upya, maneno ya Emiliana kwa Kiswahili na yangu kwa Kinyasa. Nikasema nilikuwa Mkumbi nanunua kahawa. Nikasema kwamba wakati vichupa vyangu vinasema kimelea hakijabadilika, ndani ya mtoto wake kilikuwa kimekwisha badilika na kumzidi nguvu. Nilitamani Emiliana anitukane. Alinitazama tu, akasema, “Nilikuwa namwambia asilie, Erasmo yuko njiani.”

Kazi imekwisha, baiskeli nimeirudisha, na vichupa vya nyumba zangu vimetupwa. Baba hajanigombeza. Anakula chakula chake anaondoka. Jumanne mbili sasa nimempakia Hildegardi kwenye baiskeli ya kuazima nikampeleka hospitali na mama yake. Wanasema sikio moja huenda likarudi, la pili hawajui.

Barua ya ofisi ikifika, tafadhali usiwaandikie kunitetea. Yaliyomo ni kweli. Najua nimelichafua jina lako kazini, wewe ambaye umevaa gauni la unesi miaka kumi na mmoja bila doa. Sina cha kukulipa kwa hilo.

Mama anakusalimu, vilevile Baba, ba' mdogo Cleopa na wote wa nyumbani. Mungu awalinde nyinyi na watoto, na mkija Krismasi msiache vyandarua, wale wa Arusha damu yao bado ni ngeni huku.

Emiliana pia anakusalimu sana. Aliposikia nakuandikia aliniomba nisikutajie habari za masikio ya mtoto, usije ukaumia bure ukiwa mbali. Nimekutajia.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na aibu hii,

Erasmo