Kwa Mama, Kuhusu Uzio wa Haji Lemi

Asalaam aleikum, Mama.

Miezi mitano sasa. Nimekaa juu ya gunia la pumba mlangoni mwa banda, naandikia gotini, na Ghali, farasi wako, ananipulizia shingoni kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Wardia yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi nimekula.

Kuna jambo nimekwisha kulisema mbele ya watu. Kwako sijalisema. Na wewe ndiye niliyekudanganya.

Wacha nianzie mbali kidogo, nipate nguvu.

Unakumbuka tulivyorudi kutoka Sudan? Yule mfanyabiashara wa Juba uliyemtunzia farasi miaka yote ya ukimbizi, vita vilipokaribia akapanda gari kwenda Khartoum, akakuachia wawili, hawa Ghali na Wardia. Hatukupata nafasi kwenye lori, kwa hiyo tukatembea nao, Yei mpaka Kaya, Kaya mpaka Koboko, wewe umeshika hatamu zote mbili, mimi na kaka Rajab tumebeba sufuria. Watu wa sokoni wakacheka. "Wengine wamerudi na magodoro, mama Rajab amerudi na farasi!" Haukupita mwezi, hao hao wakaja kukuomba Ghali ambebe bwana arusi. Nilikuona siku ile unamsugua mpaka anang'aa, unamwambia kwa Kiarabu asikuaibishe. Sijakuona na furaha kama ile tangu Baba alipofariki.

Tukawa na shida ya mahali. Kwetu palikuwa padogo, na Haji Lemi alikuwa na uwanja wake pale chini, kwenye barabara ya Lurujo, na banda alilofugia ng'ombe kabla ya vita. Akatupangisha. Siku ya kukabidhiwa alikuwa na haraka, akatuonyesha kwa kidole akiwa barabarani. Wewe uliingia. Ulizunguka uwanja wote peke yako, umeinua gauni.

Jioni ile ukanihesabia makosa ya mahali pale. Nguzo ya geti imeliwa na mchwa, ukiisukuma inalia. Upande wa chini kuna seng'enge ya zamani imeanguka, imezama kwenye majani, huioni mpaka uikanyage. Sakafu ya banda iko chini kuliko nje, maji yanaingia, na farasi akisimama majini kwato zinalainika na kunuka. Bati moja limeng'oka msumari, upepo ukivuma linapiga, na Ghali akilisikia anataka kupanda ukuta.

"Sauda," ukaniambia, "wewe uko na Haji dukani mchana kutwa. Muambie, lakini na heshima. Mimi si mama wa kwenda kulalamika dukani kwa mutu mbele ya wanunuzi."

Nikasema ndiyo, Mama.

Siku ya kwanza duka lilijaa. Hiyo ni kweli. Siku ya pili hapakuwa na mtu. Haji alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na pipa la mafuta ya taa, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuniambia habari za Arua, kwamba amepata chumba upande wa Ediofe, anafungua duka la pili. Akasema, "Na pale, Sauda, ni wewe itasimamia. Wewe hapana mutu ya kelele." Mama, moyo ulinirukaruka. Niliiona Arua. Nilijiona na ufunguo wangu mwenyewe. Nikafungua mdomo nikasema, "Haji, chumvi imebaki magunia mawili."

Ndivyo nilivyosema. Chumvi.

Nilipokuja kwako ulikuwa umeinama, mguu wa Wardia uko mapajani mwako, unamwosha kwato kwa maji ya moto na chumvi. Hukuniangalia. Ukauliza, "Amesema nini?"

Nikajibu, "Amesema atatuma fundi."

Nilidhani nitasema kesho yake, na uwongo utakuwa umejifuta wenyewe. Kesho yake nikaogopa tena. Ukauliza, nikakuambia fundi iko Arua, akirudi atakuja. Wiki iliyofuata ukauliza mara ya tatu, nikakuambia atakuja Jumatano. Kwa nini nilitaja siku? Mpaka leo sijui. Labda nilitaka ulale vizuri. Labda nilitaka unyamaze.

Jumatano ile uliamka mapema ukafagia banda. Uliwafunga farasi upande wa juu ili wasimsumbue. Ukachemsha chai ya tangawizi, ukaitia kwenye chupa, ukaibeba mpaka uwanjani pamoja na kikombe kimoja kizuri, kile chenye ukingo wa kijani. Nilipopita kutoka dukani saa kumi ulikuwa bado umekaa pale kwenye jiwe. Ukasema, "Labda gari limemharibikia, maskini." Ukanimiminia mimi ile chai. Niliinywa, Mama. Niliinywa yote.

Mvua kubwa ikaja siku tatu baadaye, alfajiri. Bati likapiga, Ghali akaruka, akaigonga nguzo ya geti, nayo ikaanguka kama muhogo uliooza. Ghali alikimbilia barabarani. Wardia alikimbilia chini. Mimi nilikuwa nimekufuata mbio uwanjani na kanga kichwani, na nilisikia kabla ya kuona. Farasi analia vibaya, hujui kama ni mnyama.

Seng'enge ilikuwa imemzunguka Wardia mguu wa nyuma. Kila akivuta, inaingia. Uliniambia nisisogee. Ukaingia na ndala zako, moja ikabaki kwenye tope, ukaenda hivyo hivyo na mguu mtupu, unamwita kwa jina, polepole, huku unaifungua ile waya kwa vidole. Alikuamini. Alisimama anatetemeka, hakukupiga teke hata moja. Ulipomaliza tukaona nyote wawili mnatoka damu, yeye mguuni, wewe kisiginoni. Ulimwosha yeye kwanza. Maji yalipokwisha, ukakifunga kisigino chako kwa kitambaa. Nikasema twende zahanati. Ukasema, "Mwiba tu huu. Nenda kamtafute Ghali."

Na mimi nikafurahi kidogo. Nisamehe, lazima niliandike hili pia. Nilifurahi kwa kuwa hukuuliza habari za fundi.

Siku ya nane ukashindwa kutafuna. Ulisema taya limechoka. Siku ya tisa shingo ikakaza, na jirani yetu mmoja aliyewahi kuwa dresa, mfunga vidonda jeshini, akakuangalia tu akasema, "Hii ni pepopunda. Mpeleke Arua sasa hivi." Tukapata pikapu ya tumbaku. Nilikulaza kichwa mapajani mwangu, na kila shimo barabarani mwili wako ulikuwa unajikunja kama upinde. Karibu na mji ukataka kusema. Meno hayakuachana, maneno yalipita katikati yake, nikainama kusikia.

"Mwambie Haji fundi asije sasa. Hakuna mutu wa kumupikia chai."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, nayo yalikuwa ya kumjali mtu ambaye hayupo. Mtu niliyemtunga mimi.

Hospitalini walikuweka kwenye chumba chenye giza, wakatukataza hata kuburuta kiti, kwa sababu kila sauti ilikuwa inakukamata. Rajab alifika kutoka Inde anakofanyia biashara, na vumbi la sokoni bado kwenye nywele. Tulikaa siku tatu bila kusemezana, tunanong'ona dua tu. Ningeweza kumwambia pale kwa kunong'ona. Sikumwambia.

Tulikuzika Koboko. Haji Lemi alikuja na watu wake, akanyoosha mkono kuchukua koleo atie udongo kama wengine. Rajab, ambaye ulikuwa umemsimulia habari za fundi, akamnyang'anya. Akasema mbele ya watu wote makaburini, "Mama alikutumia maneno mara tatu! Mara tatu, Haji! Wewe unangoja nini, mutu akufe?"

Haji akabaki na mkono hewani. "Mimi? Nani aliniambia?" Wanawake tulikuwa tumekaa mbali, lakini nilisikia, na niliona akigeuza kichwa kutafuta upande wetu. Nikainamia mkeka.

Tangu siku ile watu wakaanza kumkwepa. Duka lile uliloliona limejaa, Mama, likawa kimya. Wanawake walipita mlangoni wakaenda kununua sabuni kwa Mkongo wa pembeni. Msikitini alipotoa salamu walimjibu nusu. Na mimi niliendelea kwenda kazini! Nilifagia, nilipanga viberiti, na yeye akikaa pale pale karibu na pipa, anazungusha tasbihi. Hakuniuliza. Siku moja tu alisema, kama anaongea na pipa, "Dada ile alikuwa mutu mwema," kisha akaenda kuswali.

Nilikonda. Shangazi akadhani ni majonzi, akanipikia uji wa wimbi. Niliupokea na ule uji.

Siku ya arobaini watu walijaa uani kwetu. Kisomo kilikwisha, masinia yakatoka, ndipo Haji Lemi akaingia. Alikaa karibu na mlango, mwisho kabisa, hakunyoosha mkono kwenye sinia. Rajab akasimama. Nilimjua kwa mabega kwamba anakwenda kumtoa. Mama, sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningeogopa. Nilisimama upande wa wanawake, mwiko bado mkononi, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua ni yangu:

"Rajab, mwache. Haji hakuambiwa. Mama alinituma mimi, na mimi sikumwambia. Mara zote tatu nilimdanganya Mama."

Nikasikia wali unaungua jikoni.

Rajab akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. "Kwa nini?"

"Nilitaka duka la Arua."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alivaa viatu, akapita katikati ya watu, akaondoka bila kula chakula cha arobaini yako.

Ndipo Haji akasema. Nilidhani atanilaani, na alikuwa na haki. Alisema hivi, na sauti yake ilikuwa imechoka: "Yeye hakuniambia, hiyo ni kweli. Lakini mimi iko na macho. Kila siku nilipita barabara ile. Nguzo niliiona. Waya niliiona. Nikasema wakilalamika nitatengeneza. Kwani mutu mpaka aambiwe?" Akajifuta uso kwa kanzu.

Wengine wamemrudia. Wengine wamehama hasira tu, sasa wananikwepa mimi. Ni sawa.

Wiki ileile alikuja uwanjani na nguzo za mkalitusi na wanaume wawili, akavua kanzu, akachimba mashimo mwenyewe na umri wake ule. Tukaitoa seng'enge yote kwenye majani, mimi na yeye, tukaikunja tukaifukia mbali. Sakafu imeinuliwa kwa murram, ule udongo mgumu wa barabarani, maji hayaingii tena. Bati limepigwa misumari. Yote yale uliyonihesabia yalikwisha kwa siku nne. Siku nne, Mama.

Kwenye duka la Arua Haji amemweka mtu mwingine. Hakunifukuza, mimi ndiye niliyemrudishia ufunguo wa duka la hapa Koboko, kwa sababu kuna nani mwingine wa kuwaangalia hawa? Kidonda cha Wardia kimefunga, lakini anachechemea, hatabeba bwana arusi tena. Ghali alikwenda arusini Lurujo juzi. Nilimwongoza mimi. Vigelegele vilipoanza, bibi mmoja asiye na habari akaniuliza, "Mama yako iko wapi leo?" Nikamwambia umefariki. Akauliza kwa nini, na nikamwambia yote, pale pale, hatamu mkononi, bwana arusi anangoja.

Rajab bado. Nimekwenda Inde mara mbili. Mara ya pili mkewe alinitokea akasema hayupo, ilhali viatu vya Rajab viko mlangoni. Sikumlaumu. Nilimwachia salamu nikarudi.

Sikuombi unisamehe, kwa sababu najua wewe, ungesamehe upesi mno, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nakuombea tu kila baada ya swala, Mola akulaze pasipo na maumivu.

Na nakuahidi hivi. Siku ya soko nitakwenda Inde tena. Nikivikuta viatu mlangoni nitakaa nje, juani, mbele ya wateja wake wote, mpaka atoke, na akitoka akanitukana nitakaa nisikilize mpaka amalize. Nikishindwa, soko linalofuata nitakwenda tena.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Sauda