Kaa Hivyo Hivyo

Mama yangu mpenzi,

Huku sijambo, ila nimekonda kidogo. Mwenzangu wa chumbani anakoroma kama trekta. Mtihani wa anatomia nimefeli, mama. Jana nilifunga begi nirudi nyumbani, maana hamu ya kukuona ilikuwa imenizidi. Nikapitia wodini tunakojifunzia udaktari kurudisha koti jeupe. Bibi mmoja aliyekuwa akihema kwa shida akanishika mkono.

“Mwanangu, kaa kidogo. Naogopa.”

“Bibi, mimi bado mwanafunzi tu.”

“Basi kaa hivyo hivyo.”

Nikakaa mpaka pumzi yake ikatulia, akasinzia. Nilitamani ungekuwa pale mlangoni unione. Mtihani nitaurudia mwezi ujao. Usinitandikie kitanda kwanza, ingawa natamani mno kukilalia.

Ni mimi,
kitindamimba wako