Kombe la Jeddah na Koti Langu la Mazoezi

Ijumaa, Machi 2014. Riyadh.

Vumbi limefunga mji tangu alfajiri. Kutoka chumbani kwangu hapa Al-Sulay sioni hata maghala ya ng'ambo ya barabara. Nimeziba dirisha kwa taulo bichi, lakini kichwa changu hakina nafuu kuliko hewa ya nje.

Niandike ya jana, labda nitajielewa.

Mimi ni kocha wa michezo miwili. Kule Kenya chuo cha ualimu hakikuweza kuajiri makocha wawili, basi nilifundisha kandanda asubuhi na kikapu jioni, na vyeti nikavisomea mwenyewe. Chuo cha hapa kilinileta kwa ajili ya kandanda tu. Kikapu nilikianzisha kwa hiari yangu, na hakuna aliyewahi kusema asante.

Jana fainali mbili zikagongana: kandanda Riyadh, kikapu Jeddah. Mudiri, mkuu wa chuo, akasema niende kwenye mchezo ulioandikwa kwenye mkataba. Mkataba wenyewe unaisha muhula huu, na kafili wangu, mdhamini wa kukaa kwangu nchini, ni chuo. Usipoongezwa, ikama, kibali changu cha ukaazi, halas, narudi nyumbani. Nikabaki na kandanda.

Tukafungwa mbili bila.

Vijana wa kikapu walisafiri na Mzee Haji, Mzanzibari anayeendesha basi letu. Kanuni inataka mtu mzima benchi, la sivyo timu haichezi, kwa hiyo nilimpa koti langu la mazoezi akakae. Huyu ndiye aliyewahi kuniuliza mbona kikapu hakina golikipa.

Wameshinda. 61 kwa 54.

Haji alinipigia kutoka Al-Hindawiyah, huko huko Jeddah, kwa shemeji yake.

"Kocha! Kombe tunalo, bwana!"

"Mzee Haji, umefanya nini?"

"Mie? Nimekaa. Nikimwona mtu anahema, namtoa, namtia mwengine. Wote kumi na wawili wamecheza. Watoto wa watu watoke Riyadh mpaka Jeddah, kisha wengine wakae watazame tu? Haiwi."

"Na taimauti?"

"Nimeomba moja. Koo lilinikauka." Akacheka mpaka akakohoa. "Usinune, Kocha. Koti lako limeshinda."

Mimi huchezesha saba. Kwa saba hao tulimpiga kila mtu isipokuwa chuo cha Jeddah, hicho hicho cha fainali ya jana, kilichokuwa kimetufunga mara mbili, zote mbili robo ya mwisho. Jana robo ya mwisho ilikuwa 19 kwa 8, yetu. Na wale watano ambao siwaingizi walitia pointi 23.

Nimeipiga hesabu hii asubuhi nzima. Kila pasi waliyocheza nimewafundisha mimi. Lakini ningekuwepo, hao watano wangekaa, na pengine ningefungwa mara ya tatu.

Sasa aliyeshinda ni nani?

Baada ya swala ya Ijumaa mudiri akapiga simu. Nilijua ni ya kunifukuza.

"Mabruk, Kocha! Jeddah wanakutaka kwa kikapu. Wanasema hawajaona kocha anayeamini wachezaji wote kumi na wawili. Wanajua dereva alifuata maagizo yako. Hapa kandanda nimempa mtu mwingine. Njoo Jumapili tuzungumze habari ya kubadilisha kafili."

Nikasema shukran.

Hilo tu. Sikudanganya. Ila pia sikumsahihisha.

Na hasira ninayo, sifichi. Muda wote huu nimefanya kazi mbili kwa cheo kimoja, kimya. Siku ya kusifiwa imefika, nasifiwa kwa jambo ambalo nisingelifanya kamwe.

Nikinyamaza, Jeddah ni yangu. Lakini Haji atarudi kesho na basi, atapiga hadithi ya koo lake kila pembe ya chuo, na ataipiga kwa furaha, bila nia mbaya. Hata asiposema, wale watano wanajua.

Kwa hiyo Jumapili nitaingia kwa mudiri pamoja na Haji, na nitasema maagizo hayakuwa yangu. Najua swali litakalofuata, maana ningeliuliza hata mimi: basi Jeddah wakuchukue kwa lipi?

Jibu nililo nalo ni kwamba kuanzia sasa nitachezesha wote kumi na wawili.

Mtu wa jibu hilo ningemwajiri? Nimejiuliza tangu mchana, na kwa hesabu zangu zote, sijui.