Limau Lililogusa Yakuti ya Baba

Al Wakrah, Jumanne, Machi 2014

Nisamehe, daftari langu, nimekutupa tangu mtoto aanze kuota meno. Leo nina donge.

Jana nikikamulia samaki limau, pete yangu ikateleza kwenye bakuli la maji ya limau, ikalala humo hadi asubuhi. Nikaitoa, yakuti yake imejaa mistari myeupe. Ni jiwe la marehemu baba, alilichimba mwenyewe kwetu Kasigau. Binamu yangu Mwakio ndiye aliyelipeleka kukatwa. Namtunzia mwanangu Mghoi.

Sonara wa hapa alicheka. "Sista, limau halili yakuti. Linakula kioo. Hii nyufa zake zimejazwa kioo."

Nikampigia Mwakio. "Ah, dada, ni joto la huko!"

Jiwe lililopikwa na ardhi, eti liogope jua la Doha? Hapo ndipo niliposhtuka.

Labda jiwe la baba lilikuwa na nyufa, fundi akaziziba. Labda limebadilishwa. Sitaki kumsingizia mtoto wa shangazi, lakini sinyamazi.

Kesho namwomba mama anitumie picha ya jiwe likiwa kiganjani mwa baba, vipande vilivyobaki lilipokatwa, na jina la fundi, nijue kama hili la peteni ni lile lile. Na asimwambie Mwakio.